Ctags, Aider au Serena: ramani ipi inamfaa ajenti wako wa AI?

Karibuni tena, watazamaji. Leo tunamwangalia ajenti wa AI, yaani programu inayosoma na kuandika msimbo yenyewe, akiwa kazini, ila msihangaike na msimbo anaouandika. Tazameni anavyosoma. Hapa kwenye terminali nimemwomba kitu kidogo tu: aongeze tarehe kwenye risiti. Anafungua malipo.py, lenye mistari elfu moja na ushee, analimeza lote. Anafungua faili la pili. La tatu. Mpaka anaifikia fankisheni yenyewe, ambayo haizidi mistari ishirini, dirisha lake la muktadha, yaani maandishi anayoweza kuyashika kwa wakati mmoja, limeshajaa mambo yasiyomhusu.

Na hasara si tokeni peke yake, yaani vile vipande vya maneno ambavyo modeli ya AI huvisoma na wewe huvilipia. Mwaka 2023 watafiti kina Nelson Liu walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba modeli walizozipima zilitumia vizuri zaidi taarifa zilizokuwa mwanzoni na mwishoni mwa maandishi marefu. Za katikati zilizisumbua. Kwa hiyo ukimpa ajenti faili kumi nzima, usishangae akiisahau ile kanuni iliyokuwa katika faili la tano.

Ndiyo maana siku hizi watu wanawapa ajenti muhtasari kwanza: majina ya klasi na fankisheni, vigezo vyake, na mahali zilipo. Akishaona ramani, anachagua pa kuingia. Nina zana tatu za kazi hiyo, na sitazigawia muda sawa.

Naanza na Universal Ctags, zana inayoorodhesha fankisheni na klasi za msimbo wako, na semeni nina upendeleo, sitabisha. Ukoo wa ctags unarudi hadi BSD, aina ya Unix, ya mwisho wa miaka ya 1970, enzi ambazo kazi yake ilikuwa kumsaidia mtu aliye ndani ya kihariri cha vi aruke moja kwa moja hadi fankisheni anayoitafuta. Leo anayeruka ni ajenti, basi. Tazameni, naandika ctags -x malipo.py, na katika orodha inayotoka kuna mstari huu:

lipa_ankara  function  212  malipo.py  def lipa_ankara(mteja, kiasi):

Jina, aina, namba ya mstari, faili, halafu mstari wenyewe kama ulivyo kwenye msimbo. Ajenti akiusoma huo anaamua hapo hapo: naingia au napita?

Sasa kuna jambo ambalo maelekezo mengi huliruka. Namba ya mstari inamwambia ajenti aanzie wapi, haimwambii aishie wapi. Basi anaanzia 212 na kuzoa mistari mia mbili, asije akakosa kitu. Mnapotengeneza faili la tags, yaani orodha hiyo iliyohifadhiwa, wekeni --fields=+ne. Herufi n inaleta mstari wa kuanzia, e inaleta wa mwisho. Hapa kwangu ajenti anaona 212 hadi 229, anasoma hiyo mistari kumi na minane na kufunga. Muhtasari mfupi usiosema mwisho wa kitu uko wapi humwokolea ajenti nusu ya kazi tu, na hicho ndicho kipimo changu kwa zana zote za leo.

Tahadhari mbili za haraka. Watumiaji wa Mac, ctags inayokuja na zana za Xcode ni ile ya kale ya BSD, haiijui hata -R, ile ya kupitia folda zote za ndani. Sakinisheni Universal Ctags yenyewe. Na mkitaka matokeo ya JSON, muundo wa data ambao programu huusoma kirahisi, toleo lenu liwe limejengwa na maktaba ya jansson, la sivyo hamtayapata.

Ya pili ni ramani ya mradi iliyo ndani ya Aider, ajenti wa msimbo wa kwenye terminali. Hii ina akili zaidi. Inachanganua msimbo kwa Tree-sitter, maktaba inayotambua muundo wa msimbo, kisha inajenga mtandao wa faili zinavyotegemeana, na kuzipa nafasi ya juu alama, yaani majina ya fankisheni na klasi, zinazotajwa sana kwingine. Ina bajeti yake ya tokeni, na unaibadilisha kwa --map-tokens. Andikeni /map mkiwa ndani yake muone anachokiona modeli: sahihi za fankisheni, na nukta za kuruka palipokatwa. Kwa mradi mkubwa usioujua, hakuna kati ya hizi tatu inayokupa picha ya haraka kama hii. Ila namba za mistari hamzioni pale. Ni ramani ya kujua kijiji kina nyumba zipi, ya kubisha hodi utatafuta mwenyewe. Isitoshe, kilicho muhimu kwa mradi mzima huenda hakina uhusiano wowote na kazi uliyompa ajenti leo.

Serena ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo nzito kuliko zote. Inaunganishwa na ajenti kwa MCP, itifaki ya kuwapa ajenti zana za nje, na nyuma yake zinafanya kazi seva za lugha, programu zinazoielewa lugha husika ya msimbo, zile zile zinazoipa VS Code uwezo wa kwenda kwenye asili ya fankisheni. Ajenti anaomba muhtasari wa faili, anaomba mwili wa fankisheni moja, anauliza nani wote wanaiita. Hilo la mwisho ctags hailiwezi ipasavyo. Gharama yake ni kwamba kila lugha ya mradi inahitaji seva yake, na mradi ukiwa mkubwa mtasubiri kidogo mwanzoni. Kwa skripti tatu na folda moja? Achaneni nayo.

Najua kuna anayesema grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili, inatosha. Kwa mengine, ndiyo. Jina la njia ya wavuti lililoandikwa kama maandishi, ufunguo wa mipangilio, ujumbe wa kosa: hayo mara nyingi hayaonekani kwenye muhtasari, na ripgrep, grep ya kasi zaidi, inayapata kufumba na kufumbua. Vilevile, fankisheni zenu zikiitwa shughulikia, fanya na fanya2, muhtasari utamwambia ajenti uongo kwa unadhifu mkubwa. Ajenti na atumie vyote viwili.

Mimi kwa kazi za kila siku nabaki na ctags, na kwenye AGENTS.md, faili la maagizo kwa ajenti, naweka agizo hili: "Kabla ya kufungua faili lenye mistari zaidi ya 200, tafuta alama kwenye tags, kisha soma kuanzia mstari wake wa kwanza hadi wa mwisho tu." Faili la tags halijisasishi lenyewe, na namba zilizopitwa na wakati zinampeleka ajenti katikati ya fankisheni nyingine. Kwa hiyo ctags -R --fields=+ne iwekeni kwenye ndoano ya Git ya post-commit, inayojiendesha kila mnapofanya commit, na mwambieni ajenti aiendeshe tena kila anapomaliza kuhariri.