Godot na nyumba ya mawe: uzoefu wangu wa kutengeneza filamu ya kutisha hapa Lamu

Filamu yangu ni ya dakika 11. Haina jini, haina damu. Mwanamke anarudi kwao mtaa wa Mkomani, anavuka daka (baraza la mlangoni), tekani (ukumbi mdogo wa kuingilia) na kiwanda (ua wa nyumba), anaingia msana wa kwanza, yaani chumba kirefu chembamba, kisha wa pili, akiitafuta ndani, chumba cha mwisho kabisa, alikolazwa mamake, na kila akipanda kizingiti anakuta msana mwingine.

Yote nimeitengeneza kwa Godot, injini ya gemu (programu ya kutengenezea michezo ya kompyuta) isiyolipiwa hata senti, kwenye laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 8. Kutengeneza filamu ndani ya gemu si jambo geni. Wachezaji wa gemu la Quake walikuwa wakifanya hivyo tangu 1996, na kazi hiyo ikaja kuitwa mashinima. Kilichonivuta mimi ni vipimo. Ndani ya Godot, kizio kimoja ni mita moja. Basi nikachukua tepu nikapima chumba chetu: upana mita 2.7. Nyumba zetu za mawe zina vyumba virefu vyembamba kwa sababu dari hulala juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana.

Nikakijenga chumba hicho, nikachonga zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo, nikaweka taa moja. Kikawa chumba tu. Ndipo nikaanza kuongeza sentimita 20 katika kila msana unaofuata, na boriti nikaziondoa. Msana wa tisa una upana wa mita 4.3. Shangazi yangu alitazama kimya mpaka hapo, akanishika mkono: "Mwanangu, hiyo dari imeshikwa na nini?" Akainuka akawasha taa ya sebuleni. Mgeni angeona ukumbi mzuri tu. Shangazi amelala chini ya boriti miaka sitini, na ni yeye niliyemtengenezea filamu hii.

Kamera ya Godot nayo ni ya kusifiwa. Huja na pembe ya kuona ya digrii 75. Ukiipunguza taratibu huku kamera ikirudi nyuma, mtu anabaki na ukubwa wake lakini ukuta unamjia mgongoni. Sauti nilirekodi kwa simu: kwato za punda kichochoroni, nikazisikizisha zikitoka ndani ya kidaka. Adhana sikuitia. Hiyo si ya kuchezea.

Jambo lililoniokoa kabisa ni ile hali ya kurekodi filamu iliyokuja na toleo la Godot 4, mwaka 2023. Mashine ikiwa dhaifu, injini haiachi fremu, yaani picha mojamoja zinazounda video. Inachora moja moja kwa mwendo wake, na video inatoka laini. Dakika moja yangu huchukua karibu usiku mzima. Usiku mmoja umeme ulikatika, betri ikaisha, na faili la video la AVI likakataa kufunguka kwa sababu halikufungwa sawasawa. Nililia. Tangu hapo natoa picha za PNG moja moja kisha naziunganisha ziwe video kwa programu ya FFmpeg. Umeme ukikatika, zilizokwisha kuchorwa zipo.

Kwa mashine kama yangu nililazimika kutumia mfumo mwepesi wa kuchora, na huo hauna ukungu wa kweli unaoshika mwanga hewani. Nilitundika karatasi angavu za moshi, moja nyuma ya nyingine, zikatosha. Vazi la buibui linalopepea lilinishinda, kwa hiyo mwanamke wangu anaonekana kwa nyuma, amesimama zaidi kuliko anavyotembea. Mwenye kompyuta yenye nguvu na intaneti ya kupakua makumi ya GB ajaribu Unreal Engine. Mwanga wake ni mzuri zaidi. Godot haifiki MB 200, na unaifungua bila hata kuisakinisha.

Ukianza, badilisha kasi kuwa fremu 24 kwa sekunde kabla ya kurekodi chochote. Yenyewe huja na 60, na kila dakika utajaza diski kwa picha 3,600 badala ya 1,440.