Kompyuta ya muziki nyumbani: usiulize kasi, uliza kama inakata sauti

Nilinunua laptopu ambayo karatasi ya sifa zake ingemtoa prodyuza yeyote udenda. Prosesa ya daraja la juu, memori GB 32, diski ya SSD, kadi ya picha ya wacheza gemu. Muuzaji akaniambia, "Dada, hii ukiipa kazi ya muziki utaionea." Siku ya tatu nikamweka mwimbaji mbele ya maiki turekodi kiitikio. Akashika noti moja ndefu, ile ambayo ikipotea hairudi tena vilevile, na katikati yake ikaingia "tk". Nikairudisha nyuma, nikasikiliza. Tk. Nikalivuta wimbi la sauti kwenye kioo mpaka likatanuka, nikaliona: mstari ulikuwa ukipanda na kushuka taratibu, halafu ghafla shimo, kama mtu kachomoa uzi mmoja kwenye kitambaa. Tulirudia mara nne. Kila baada ya sekunde kumi na tano hivi, tk. Na prosesa yenyewe wakati huo ilikuwa inatumia chini ya asilimia kumi ya nguvu zake.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya hiyo tk. Sitazungumzia ukubwa wa kioo, uzito wala rangi. Memori chukua GB 16 au zaidi, diski iwe SSD, tuendelee.

Kompyuta haitoi sauti mfululizo kama maji ya bomba. Inaitoa kwa mafungu. Sauti ya kiwango cha CD ina sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 44,100 kila sekunde. Ukiweka bafa, yaani akiba ndogo ya sauti inayosubiri zamu, ya sampuli 128, kila fungu lina urefu wa milisekunde 2.9 hivi, maana yake kompyuta inadaiwa fungu jipya mara 344 kila sekunde, na haina ruhusa ya kukosa hata moja. Likichelewa moja tu, bafa inabaki tupu na sikio linapokea tk. Hapo kasi haikuokoi. Mpiga ngoma anaweza kuwa na mkono mwepesi kuliko wenzake wote, lakini akiitwa pembeni katikati ya wimbo, pigo limeshapita.

Anayemwita pembeni ni draiva, programu ndogo inayoendesha kifaa. Ndani ya Windows kila kifaa, iwe Wi-Fi, kadi ya picha au betri, kina draiva yenye haki ya kuisimamisha prosesa kidogo ifanye kazi yake. Draiva iliyoandikwa vizuri hutumia muda mdogo mno, hutajua hata kama ilipita. Iliyoandikwa ovyo huikamata prosesa kwa milisekunde nzima nzima. Kwangu mimi mkosaji alikuwa draiva inayosoma kiasi cha chaji kilichobaki. Kila baada ya muda inakwenda kuchungulia betri, na inapochungulia muziki unasubiri mlangoni. Nilimkamata kwa LatencyMon, programu ndogo ya Windows ya kupakua bure kwa matumizi ya nyumbani, inayokutajia jina la draiva na muda mrefu kabisa iliyoishikilia prosesa. Nikazima usomaji wa betri, tk ikapungua. Nikazima na Wi-Fi, ikaisha. Kwa hiyo nina laptopu ya bei kubwa inayorekodi vizuri endapo tu haina intaneti na mwenyewe sijui chaji imebaki kiasi gani.

Watu watakushauri uongeze bafa. Ni kweli, ukiipandisha hadi sampuli 1,024 mipasuko mingi hupotea, lakini fungu moja sasa ni milisekunde 23, na sauti inasafiri kuingia na kutoka. Mwimbaji anajisikia kwenye hedifoni kama anajibiwa kutoka ndani ya pango. Ukiwa na kadi ya sauti ya nje, kile kisanduku cha kuchomekea maiki na hedifoni, inayomrudishia sauti yake moja kwa moja bila kupita kwenye kompyuta, mwimbaji amepona. Mpiga kinanda anayetumia piano ya programu hana pa kukimbilia, maana sauti yake inazaliwa humo humo ndani ya kompyuta.

Sasa orodha yangu.

Nafasi ya kwanza: Mac yenye chipu ya Apple, hasa Mac mini

Sifichi, hapa nina upande. macOS, mfumo endeshi wa Mac, ina Core Audio, mfumo wa sauti uliojengwa ndani yake, na anayeandika mfumo huo ndiye anayeunda kompyuta yenyewe, kwa hiyo anajua kila kifaa kilichomo. Kadi nyingi za sauti za USB unazichomeka tu zikafanya kazi, huhitaji kutafuta draiva usiku wa manane. Tangu ya kwanza ya chipu hizo, M1, ilipotoka Novemba 2020, mashine hizi pia hazichemki kama zile za zamani. MacBook Air za chipu hizo hazina feni kabisa, jambo zito kwa mtu ambaye maiki na kompyuta viko chumba kimoja. Kasoro yake ni kwamba ukiibebesha mradi mzito kwa muda mrefu inapata joto na kupunguza kasi. Mac mini ina feni, tena tulivu, na unaweza kuifunga nyuma ya meza mbali na maiki. Ile ya mwaka 2024 yenye chipu ya M4 inaanzia memori ya GB 16, na kwa kazi ya nyumbani sioni ya kuizidi. GarageBand, programu ya Apple ya kurekodi, ni bure, na siku ukihamia kubwa yake, Logic Pro, miradi yako yote inafunguka humo.

Lakini sikilizeni mambo matatu kabla hamjatoa pesa. Memori ya mashine hizi huwezi kuiongeza baadaye, unaamua siku ya kununua na imetoka hiyo. Na hapa ndipo wanapowabana watu: kiasi kile kile cha memori huku kinatozwa zaidi ya kwenye soko la kawaida. Linaniudhi, na kuipenda Mac hakunizuii kulisema.

La pili, usisasishe mfumo siku ulipotoka. Catalina ya mwaka 2019 ilifuta programu zote za biti 32, yaani za muundo wa zamani, na waliokimbilia kusasisha waliamka plagini zao za zamani, zile programu ndogo za ala na madoido, hazifunguki. Subiri mpaka kila mtengenezaji wa plagini zako aseme yuko tayari.

La tatu, Logic haitoki nje ya Apple. Zamani ilikuwepo kwenye Windows; Apple walipoinunua kampuni ya Emagic mwaka 2002, toleo la Windows likasitishwa mwaka huo huo na wenye miradi yao humo wakaachwa njiani. Ukiona uwezekano wa kuhama siku moja, fanyia kazi kwenye programu za kurekodi kama Reaper, Cubase au Ableton Live, ambazo zipo pande zote mbili. Na kila wimbo ukikamilika, toa kila ala kama faili lake la WAV uweke akiba.

Nafasi ya pili: Windows ya mezani

Kompyuta ya mezani haina betri ya kuchungulia, inakubali waya wa intaneti badala ya Wi-Fi, na kifaa kinachosumbua unakichomoa ukaweka kingine. Tofauti yake na laptopu ndiyo hiyo, na ni kubwa. Sauti yake ipitie ASIO, utaratibu uliotolewa na Steinberg mwaka 1997 ili programu iongee na kadi ya sauti bila kupita kwenye foleni ya Windows. Nunua kadi ambayo mtengenezaji wake ameiandikia ASIO yake mwenyewe. RME, watengenezaji wa kadi za sauti, wanasifika kwa hilo na nakubaliana na sifa hiyo. ASIO4ALL, draiva ya jumla kwa kadi isiyo na ASIO yake, ni kiraka cha kukuvusha leo, usiijengee studio.

Kama wewe ni mtu wa FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, wala usihangaike kuhama. Ilizaliwa kwenye Windows, na kwenye Mac imefika rasmi mwaka 2018 tu. Tena ukishainunua, matoleo mapya unapewa bure maisha yako yote. Kampuni nyingine zingeiga.

Nafasi ya tatu: Linux

Huu ni mfumo endeshi wa bure, na nauheshimu sana. Mwaka 2024 uwezo wa kazi zisizovumilia kuchelewa uliingizwa rasmi kwenye kiini chake, toleo la 6.12, na PipeWire, mfumo wake wa kupitisha sauti, imewaondolea watu adha nyingi za kuunganisha sauti. Programu za kurekodi za Ardour, Reaper na Bitwig Studio zote zinaendeshwa humo. Kinachonizuia kuipandisha ni plagini. Nyingi mnazozijua hazina toleo la Linux, na kuzilazimisha kwa njia za pembeni kunakurudisha kwenye ile ile tk.

Nafasi ya nne: laptopu za Windows

Zipo nzuri. Shida ni kwamba huwezi kuijua nzuri kwa kusoma karatasi. Mashine mbili zenye prosesa moja na memori sawa, moja inarekodi siku nzima bila doa, nyingine inapasuka kila dakika, kwa sababu tu ya draiva na programu ya ubaoni (BIOS, inayowasha mashine) aliyoiweka mtengenezaji.

Laptopu za bei ya chini kabisa na Chromebook kwa kazi hii ziacheni. Kama bajeti ni ndogo, Mac mini ya M1 iliyotumika ni bora kuliko mpya yoyote ya bei hiyo.

Wauzaji nao wana lao. Wanaandika idadi ya kori za prosesa, wanaandika kioo kinaonyesha picha ngapi kwa sekunde, wanaandika taa za kibodi. Sijaona tangazo hata moja linaloandika muda mrefu kabisa wa draiva, wakati ni kipimo cha dakika kumi kinachofanyika hapo hapo kaunta. Kisha laptopu ya gemu inabandikwa neno "studio" na bei inapanda. Nilipoirudisha yangu, niliambiwa haina hitilafu kwa sababu inawaka na video inacheza. Wanaoniandikia wanasimulia jibu hilo hilo, karibu neno kwa neno.

Kwa hiyo ukienda kununua laptopu ya Windows, nenda na LatencyMon kwenye flashi. Mwombe muuzaji akuwashie mashine ile ile utakayoondoka nayo, si ya maonyesho. Washa Wi-Fi, acha chaja imechomekwa, iendeshe dakika tano. Chomoa chaja, dakika tano tena, kwa sababu nyingine huharibika zikihamia kwenye betri. Namba za draiva zikipita mikrosekunde 1,000 (milisekunde moja) kila mara, irudishe kwenye boksi lake. Na muuzaji akikukatalia kupima, pesa zako bado ziko mfukoni, toka nazo.