Back at the Chicken Shack: sikiliza mkono wa kushoto wa Jimmy Smith

Albamu za jazi ya kinanda ninazo kadhaa, lakini hii ya mpiga kinanda Jimmy Smith ndiyo ninayoirudia. Kinachonivuta ni besi, na hakuna mpiga besi. Stanley Turrentine yuko kwenye saksafoni, Donald Bailey kwenye drami, na gitaa la Kenny Burrell linaingia katika baadhi ya nyimbo. Besi yote ni ya Smith mwenyewe: mkono wa kushoto unaitembeza, mguu unagusa pedali kuipa uzito, na mkono wa kulia unabaki huru kufanya utakavyo.

Wimbo uliobeba jina la albamu ni bluzi isiyo na haraka hata kidogo. Ongeza sauti, halafu tega sikio mwanzo wa kila noti: kuna mdonoo mdogo mkavu, kama tone la mvua linapogonga bati. Ndiyo tabia ya kinanda chake cha umeme, Hammond B-3, na Smith aliifanya silaha. Anapocheza haraka, kila noti inasimama peke yake, hazivurugani.

Hapo sifa zimwendee pia fundi wa kurekodi, Rudy Van Gelder. Zamani alikuwa akirekodi sebuleni kwa wazazi wake, Hackensack, huku kazi yake ya mchana ikiwa kupima watu macho. Albamu hii ilirekodiwa tarehe 25 Aprili 1960 katika studio yake mpya ya Englewood Cliffs, New Jersey, yenye dari refu la mbao. Saksafoni ya Turrentine imekaa karibu mno. Katika “Minor Chant”, wimbo alioutunga mwenyewe, pumzi yake unaisikia. Nashangaa kampuni ya rekodi ya Blue Note waliwezaje kuiweka kabatini hadi 1963, ingawa kipindi hichohicho cha kurekodi kiliwapa pia albamu nyingine, Midnight Special, nayo si haba.

Malalamiko yangu ni machache. “Messy Bessie” inapita dakika 12, na kwa mtu asiyezoea jazi itamchosha. Nyimbo ni nne tu. Kwangu mimi zinatosha, maana hakuna hata moja ya kuruka.

Ukitaka kuinunua, inunue, ila usiipime kwa spika ya simu. Besi inapotea kabisa, na utabaki unajiuliza watu wanasifia nini. Tafuta spika zenye kifua au hedifoni nzuri, uanze na “When I Grow Too Old to Dream”.