Kusimamia mshauri nasaha mpya: akusimulie kikao chake na mteja au usikilize rekodi yake?

Kusimuliwa ni rahisi mno, mnakaa na chai, dogo anakwambia mteja alilia nikamsikiliza, nusu saa mmemaliza. Shida anakuletea alichokumbuka tu, tena kile kisichomwaibisha.

Rekodi ndo inaumbua. Kuna binti aliniambia kikao kimeenda poa, tukasikiliza, mama wa watu anasema "tangu mume wangu afariki silali", kimya kidogo, binti anadakia "pole mama, jipe moyo, Mungu yupo", hapohapo mama akahamia kwenye ada ya watoto, basi mlango ushafungwa. Kwenye masimulizi yake hicho kipande hakikuwepo kabisa na wala hakudanganya, hakukisikia tu. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, alishaliona hili kitambo, kule chuoni Ohio State mwanzoni mwa miaka ya 1940 alirekodi vikao kwenye santuri akafundishia wanafunzi wake.

Kwa hiyo mi niko upande wa rekodi, hata dakika kumi tu. Ila mteja lazima aridhie kwa maandishi, faili liwe na nywila, na wengine wakiona simu mezani wanakauka. Kesi za ubakaji sirekodi, hapo nasimuliwa.