Swichi ya ofisi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mtandao wa ofisi ukianza kusuasua, watu wengi wanakimbilia ruta mpya au wanaongeza kifurushi cha intaneti, alafu wiki ijayo malalamiko yako palepale. Maana ukihamisha faili toka kompyuta yako kwenda kwenye serva iliyopo chumba cha pili, hilo faili haligusi intaneti kabisa, linapita kwenye waya, linaingia kwenye swichi, linatoka upande wa pili. Ruta ni mlango wa kutokea nje, na mara nyingi ndo inayogawa anwani za IP, zile namba za kutambulisha kila kifaa. Swichi ndo njia panda: kompyuta, printa, kamera, simu za mezani, hata ile akses pointi inayorusha wifi, zote waya zake zinaishia hapo. Kwa hiyo pesa ianzie hapo, na mimi swichi nazipanga hivi.

Ya kwanza ni swichi smati, yaani unaweza kuingia ukaipangilia, ya gigabiti (kasi ya megabiti 1,000 kwa sekunde) yenye PoE. PoE inapitisha umeme kwenye waya uleule wa data, so akses pointi ukiifunga darini huhitaji kupandisha soketi huko juu. Ila soma jumla ya wati kabla hujalipa. PoE ya kawaida inatoa mpaka wati 15.4 kwa kila poti, PoE+ mpaka 30, sasa swichi ya poti 8 iliyoandikwa wati 60 haitalisha vifaa 8 vya wati 15 kila kimoja, hapo unahitaji 120. Huo usmati nao una faida kubwa, unatenganisha wifi ya wageni na kompyuta za uhasibu kwa VLAN, yaani swichi moja inagawanywa iwe kama mitandao tofauti, na nyingi zina kinga ya kitanzi. Kitanzi kikoje? Mtu anakuta waya unaning'inia, anauchomeka kwa nia njema kabisa, kumbe ncha ya pili nayo iko kwenye swichi hiyohiyo, taa zote zinaanza kupepesa kwa kasi na ofisi nzima inasimama. Kinga ikiwashwa, inafungwa ile poti tu, wengine wanaendelea na kazi.

Ya pili ni gigabiti ya kawaida, haina mipangilio, unachomeka inafanya kazi. Ofisi ya watu watano sita inawatosha vizuri tu.

Ya tatu ni zile kubwa za kusimamiwa kila kitu. Nzuri sana, ila kama hamna mtu wa IT wa kuzipanga mtakuwa mmelipia vitu ambavyo hamtavigusa.

Ya mwisho kabisa ni ya megabiti 100, bado zinauzwa na bei yake inashawishi, naomba usichukue. Faili la GB 10 kwenye gigabiti ni kama sekunde 80 kwa hesabu ya haraka, kwenye hii ni dakika 13 na zaidi. Na ukipewa habu ya zamani hata bure iache, yenyewe inatuma kila kitu kwa kila mashine, wakati swichi inakariri nani yuko poti gani.

Sasa waya. Nilishawahi kupoteza nusu siku nzima naituhumu swichi mpya kwa sababu kompyuta moja ilikuwa imegoma kwenye megabiti 100, kumbe kwenye kichwa cha RJ45 uzi mmoja haukubanwa ukafika mwisho. Gigabiti inataka nyuzi zote 8, megabiti 100 inatumia 4 tu, kwa hiyo uzi mmoja kati ya zile 4 nyingine ukilegea, mara nyingi mtandao haukatiki, unashuka kasi kimyakimya na hakuna anayejua. Nunua kebo ya daraja la Cat5e au Cat6 ya shaba tupu, achana na alumini iliyopakwa shaba, hasa ukiwa na PoE maana inapata joto zaidi na umeme unapotea njiani, na usivuke mita 100.

Poti nazo, kama leo unahesabu vifaa 11 chukua swichi ya 16, maana ukija kuongezea kaswichi kadogo pembeni, wote waliochomeka huko watagombania waya mmoja unaorudi kwenye swichi kubwa.