Tathmini ya huduma: Afisa parole alipokuja kukagua nyumba yetu Igoma

Mdogo wangu alihukumiwa kifungo cha miaka sita kwa kosa la wizi akiwa mtumishi, baada ya magunia ya dagaa kupungua mwezi hadi mwezi katika ghala alilokuwa karani wake, na hata sisi ndugu zake hatukuwahi kusema kwamba alionewa. Ninachokitathmini hapa ni huduma tuliyoipata baadaye kwa afisa parole aliyeshughulikia maombi yake, tangu siku alipobisha hodi nyumbani kwetu Igoma, jijini Mwanza, hadi kijana alipotoka. Gereza sitalitaja, wala ofisi yoyote iliyohusika.

Kwanza nieleze huduma yenyewe, kwa sababu hapa kwetu parole huchanganywa na mambo mengine mawili. Wengi walilizoea neno hilo kuanzia mwaka 2016, marehemu Augustino Mrema alipoteuliwa kuwa Mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Parole, lakini sheria yake ni ya mwaka 1994. Msamaha wa Rais hutolewa kwa mamlaka ya Ibara ya 45 ya Katiba, na mara nyingi tunausikia ukitangazwa siku za sikukuu za kitaifa. Huduma kwa jamii ni adhabu ambayo mahakama humpa mkosaji badala ya kumpeleka gerezani. Parole ni tofauti na hayo: mfungwa anaendelea kuwa mfungwa, ila anatumikia sehemu ya kifungo chake nje ya kuta, chini ya masharti na uangalizi, na akiyavunja anaweza kurudishwa ndani. Anayefikiriwa ni yule mwenye kifungo cha miaka minne au zaidi, aliyekwisha kutumikia theluthi moja kwa mwenendo mzuri, na ambaye hakufungwa maisha wala kwa makosa kama unyang'anyi wa kutumia silaha au dawa za kulevya.

Hesabu ya theluthi ndiyo inayoonyesha thamani ya huduma hii, na naomba msomaji anivumilie kidogo hapo. Mfungwa mwenye tabia njema hupunguziwa theluthi moja ya kifungo chake hata bila parole, kwa hiyo mdogo wangu angetoka baada ya miaka minne kwa vyovyote vile. Sifa ya kufikiriwa kwa parole aliipata baada ya miaka miwili. Kwa hiyo parole haikuweza kumpa zaidi ya miezi ishirini na minne, na kila mwezi ambao faili lilikaa mezani pa mtu ulikatwa humo humo. Ukinunua samaki mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, asubuhi na kumfikisha nyumbani jioni bila barafu, utakuwa umelipia samaki yule yule, lakini utakachokula ni kingine.

Afisa alifika miezi mitatu baada ya kijana kutimiza theluthi. Alikuja na daladala, akiwa amevaa kiraia, jambo ambalo mama yetu analitaja hadi leo, kwa sababu majirani hawakupata cha kusimulia. Alimwamkia mama, akakubali maji ya kunywa, akafungua daftari. Sisi tulikuwa tumejiandaa kama watu wanaokwenda kuposa: mjomba aliitwa kutoka Magu, hotuba ikapangwa kuhusu malezi ya kijana, kwaya aliyoimba na jinsi alivyokuwa mpole tangu utotoni. Afisa alisikiliza sehemu ya hotuba hiyo, kisha akamgeukia mama na kusema, "Mama, sikuja kuuliza kama mnampenda, hilo nimeliona tangu mlangoni. Nimekuja kuuliza, siku ya tatu tangu atoke, saa moja asubuhi atakuwa wapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mjomba alijaribu kusema kwamba kijana atakuwa anapumzika, na afisa aliandika hivyo hivyo, neno kwa neno, jambo lililotutisha kuliko kama angetukemea. Kisha aliomba kuona chumba atakacholala, akauliza ni nani mwingine analala humo, nani ana ufunguo wa geti, na kama ndani ya familia kuna mtu anayemdai au anayedaiwa naye. Mimi aliniuliza mshahara wangu na idadi ya watu ninaowalisha. Nilikasirika, sitaficha, nilihisi kwamba sasa ni mimi ninayeshtakiwa. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anapima kama nyumba itambeba mtu mmoja zaidi bila kumrudisha kwenye njaa iliyompeleka ghalani, ingawa kwa maoni yangu tamaa ilimpeleka zaidi kuliko njaa.

Kutoka kwetu alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa, na bila sisi kumwelekeza akaingia kwa jirani wa upande wa pili, ambaye hatusalimiani naye vizuri tangu ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Wakati ule niliona amefanya makosa makubwa. Leo naona ndiyo kazi yenyewe, maana taarifa iliyojaa sifa za ndugu peke yao ingeweza kuandikwa gerezani bila mtu kupanda daladala.

Sehemu iliyonishawishi kuandika tathmini hii, hata hivyo, ni ile ya mama aliyeibiwa. Ni mfanyabiashara wa dagaa Mwaloni Kirumba, na afisa alipomfuata mara ya kwanza alimkuta katikati ya mzigo, dagaa wameshuka kwa wingi, wapakiaji wanapiga kelele, naye akamjibu kwamba hana nafasi ya kuzungumzia mwizi. Wanaolijua ziwa wanajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi mingi hupumzika. Afisa hakuandika kwamba mlalamikaji amekataa kuhojiwa. Alimuuliza tu giza litaisha lini, akarudi mbalamwezi ilipowaka, wakakaa kwenye magunia matupu kwa zaidi ya saa moja. Haya nimeyasikia kwa mama huyo mwenyewe, aliyenieleza kwamba tangu hukumu isomwe hakuna mtu wa serikali aliyemuuliza anaonaje. Aliambiwa waziwazi kwamba neno lake halitamfunga wala kumfungua mtu, lakini litaandikwa na kusomwa. Alitaka mambo mawili: kijana asikanyage mwaloni, na aanze kumrudishia fedha, hata kidogo kidogo. Yote mawili tuliyakuta baadaye, la kwanza kama sharti la kutoka kwake, la pili kama ahadi ambayo familia iliiandika na kuitia saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Kwa kazi hiyo yote, iliyochukua kama mwezi mmoja, ningempa afisa alama tisa kati ya kumi. Moja naikata kwa sababu hakutuachia karatasi yoyote inayoeleza hatua zinazofuata, na familia isiyoelezwa huanza kusikiliza vishoka. Alikuja mmoja akidai kwamba kwa laki tatu faili "litatembea". Mama alikuwa ameshaanza kuhesabu. Tulimzuia kwa shida.

Yaliyofuata siwezi kuyapa alama hizo. Mapendekezo hupita Bodi ya Parole ya Mkoa kabla ya kufika Bodi ya Taifa, na utaratibu huo nauona kuwa wa haki, kwa kuwa mtu mmoja hapaswi kuamua peke yake kuhusu uhuru wa mwenzake. Tatizo lilikuwa ofisi moja njiani, ambako faili lilikaa miezi mitano kwa sababu barua moja ya mtaa haikuwa na muhuri. Muhuri! Ofisi ya mtaa iko mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu na ningeuleta mchana huo huo, lakini hakuna aliyepiga simu, na nilipokwenda kuulizia niliambiwa nisubiri nitaitwa. Ni afisa yule yule aliyekuja kugundua kasoro hiyo alipofuatilia mwenyewe, ingawa kwa maelezo yake faili lilikuwa limekwisha kutoka mikononi mwake. Baada ya muhuri kupatikana, mambo yaliyobaki yalichukua miezi miwili.

Hivyo kijana alitoka akiwa ametumikia miaka miwili na miezi kumi na moja. Kati ya miezi ishirini na minne iliyowezekana alipata kumi na mitatu, na katika kumi na mmoja iliyopotea, kazi ya afisa ilitumia mmoja tu. Kwa familia iliyo katika hali kama yetu, ushauri wangu ni kutunza nakala ya kila barua inayotoka kwa balozi na kwa mtaa, kukagua muhuri, saini na tarehe kabla haijaondoka mikononi mwenu, na kuandaa kazi halisi kwa ajili ya mfungwa badala ya hotuba. Sisi hatimaye tulimpata shemeji anayefyatua tofali za saruji Buhongwa, mbali na mwalo, akakubali kuandika barua ya kumpokea.

Kijana alitoka siku ya Jumatatu. Alhamisi, saa moja na dakika chache asubuhi, simu yangu iliita, nikaisikia sauti ile ile ya afisa ikinisalimu na kuuliza yuko wapi. Nilimjibu kwamba yuko Buhongwa anachekecha mchanga, akaniomba nimpe simu shemeji ili amsikie yeye mwenyewe. Nikamwambia mimi niko Igoma, lakini namba ya shemeji ninayo. Akaiandika, akakata simu, na dakika mbili baadaye shemeji akanipigia kuuliza huyo mama anayetaka kusikia sauti ya chekeche ni nani.