Rangi ya mafuta au akriliki?

Kwa mchoraji wa picha, akriliki, rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, hukauka kwa dakika. Ya mafuta huchukua siku, na ikipakwa nene, mtindo uitwao impasto, hata miezi. Kuchelewa huko ndiko raha yake: leo unalainisha mpaka wa shavu na kivuli, kesho unaurudia. Akriliki ikikauka hukolea kidogo, basi kulinganisha rangi ni kubahatisha.

Kwa gharama na usafi akriliki inashinda. Maji yanatosha kusafishia, ila brashi ukiisahau usiku kucha, kwaheri. Mafuta yanadai tapentaini, kiyeyushi chenye mvuke mkali, na dirisha wazi. Matambara yenye mafuta ya kitani, yaliyomo ndani ya rangi hiyo, usiyarundike, huweza kuwaka yenyewe.

Una chumba kidogo na haraka? Akriliki. Unachora nyuso, una subira? Mafuta. Mimi huanza na akriliki, kisha mafuta juu. Kinyume chake hubanduka.